Udaktari wa miezi 18? Usipapatike!

MJI huu umejaa madaktari, na wala sisemi wale wa Muhimbili. Nenda harusini Sinza, mshereheshaji anamkaribisha meza kuu Dokta fulani. Nenda kipaimara Tabata, Dokta. Fungua kadi ya mchango, mwenyekiti wa kamati naye ni Dokta. Ukiuliza kwa adabu, "Samahani mzee wangu, udaktari wa fani gani?" unaambiwa ni wa heshima, alipewa hotelini siku ya Jumamosi, joho la kuazima na chakula cha mchana juu yake.

Siwacheki, jamani. Mwenzenu nami nautaka, ila ule wa kusotea, shahada ya uzamivu yenyewe, PhD. Miezi mitano sasa nalala nayo na kuamka nayo, na nimejifunza mambo ambayo kama nawe una kadigrii kako ka pili na watu wanakuchombeza "endelea tu mama, malizia," ni bora uyasikie kwangu kabla hujafungua pochi.

Ngoja nijieleze. Wengi mnanijua kwa habari za vitenge na wachumba wanaozimiana simu, lakini mchana nina kibarua kingine. Nafundisha kwenye chuo kimoja binafsi hapa Dar, jina naliweka kapuni maana bado nakula pale. Cheo changu ni mhadhiri msaidizi, mkataba wa miaka miwili miwili. Machi, mkuu wangu wa idara aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia, "Dada, mkataba wako unaisha Septemba 30. Safari hii bila kuonyesha umeshaanza PhD, mimi sina la kukutetea." Nikamuuliza chuo kitachangia kiasi gani. Akaangalia feni.

Nimtetee kidogo, naye kabanwa. Kwenye vyuo vikuu vyetu ngazi ziko hivi: mwenye shahada ya uzamili ni mhadhiri msaidizi, na hapo anagota. Kuwa mhadhiri kamili lazima PhD, ndipo uje kuota mambo ya mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ikija kukagua kozi huwa inahesabu vichwa: nani anafundisha, na ana nini mkononi. Wale jamaa hawatanii. Mwaka 2017 walivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/2018, na wakazisimamisha kozi 75 za vyuo 22. Mwenye chuo akikumbuka hayo halali usingizi, anatafuta PhD kama watu walivyokuwa wakitafuta sukari enzi za foleni.

Sasa penye foleni ndugu msomaji, walanguzi hawakosi.

MLANGUZI ANAINGIA

Haikupita wiki, rafiki yangu anayefundisha chuo kingine akaniunga kwenye kundi la WhatsApp. Humo kuna tangazo: PhD kwa miezi 18, hakuna darasa, hakuna mtihani, hakuna safari. Bei dola 3,900 kwa awamu tatu, ukilipa kabla ya tarehe 30 unapunguziwa dola 400. Picha ya jengo la mawe lenye majani yanayotambaa ukutani, Wazungu wanarusha kofia juu. Chini yake, kwa herufi kubwa: INA ITHIBATI YA KIMATAIFA.

Dola 3,900 kwa madafu yetu ni zaidi ya milioni 9. Mimi benki nilikuwa na milioni 11, jasho la miaka minne, upatu wa kila mwezi na hela za kusahihisha mitihani. Hizo zilikuwa za kiwanja cha Chanika, ambacho mama yangu mwenyewe ndiye aliyekiona, akamwomba mwenye nacho asimuuzie mtu mwingine. Kwa hiyo mnapoona nauliza maswali mengi, jueni nilikuwa naulizia nyumba.

Nikampigia wakala. Kijana msafi wa maneno, sauti kama ya mtangazaji wa redio za usiku.

"Habari yako, Daktari mtarajiwa!"

"Nzuri kaka. Chuo kiko nchi gani?"

"Makao makuu London, ila kinafundisha dunia nzima."

"Na kibali cha kutoa PhD kimepewa na nani?"

"Kina ithibati ya kimataifa."

"Ya nchi gani?"

"Dada yangu, nimeshakwambia ya kimataifa. Haifungwi na mipaka."

Akanitumia cheti kina muhuri wa dhahabu. Nikakisoma mara mbili. Kilikuwa cheti cha usajili wa kampuni. Yaani ni sawa na mtu akuonyeshe leseni ya duka la vipodozi kisha akwambie anaruhusiwa kufanya operesheni. Uingereza mtu yeyote anaweza kusajili kampuni, lakini kutoa shahada ni mamlaka mengine kabisa, yanayotoka kwa hati ya kifalme, kwa Bunge au kwa chombo cha serikali kinachosimamia vyuo. Na tangu sheria yao ya elimu ya mwaka 1988, kutoa shahada ya Uingereza bila mamlaka hayo ni kosa la jinai. Orodha ya wenye mamlaka iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Chuo cha rafiki yangu hakimo.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nadhani wengi kinatupiga chenga. Hakuna ithibati ya "kimataifa" inayoelea angani. Ithibati ina mwenyewe, na mwenyewe ana anwani. Tanzania ni TCU, iliyoanzishwa mwaka 2005 kuchukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu la mwaka 1995. Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. India kuna UGC, ambao huwa wanatangaza orodha ya vyuo feki kwa majina, bila aibu. Marekani ndiko kwenye mkanganyiko, kwa sababu serikali yenyewe haitoi ithibati. Inayatambua mashirika binafsi, na hayo ndiyo yanayovikagua vyuo. Wajanja wakaliona hilo pengo wakaanzisha mashirika yao ya ithibati, yana majina mazito na nembo ya tai, kazi yake ni kukipa ithibati chuo cha mwenye shirika. Kwa hiyo kwa Marekani unauliza mara mbili: nani kakipa chuo ithibati, na huyo naye katambuliwa na nani? Jibu la pili lisipoishia kwa Wizara yao ya Elimu au kwa baraza lao la ithibati, CHEA, funga simu.

PAKA MWENYE SHAHADA

Mnaodhani natia chumvi, tafuteni kisa cha paka anayeitwa Colby Nolan. Mwaka 2004 wapelelezi wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, walimwombea paka huyo shahada kwenye kitu kilichojiita Trinity Southern University, kule Texas. Wakalipa dola 299. Kwenye fomu wakaandika kwamba "mwombaji" kawahi kufanya kazi kwenye mgahawa na kulea watoto. Chuo kikajibu kwa furaha kwamba uzoefu huo ni mkubwa, akiongeza hela kidogo atapewa shahada ya pili ya biashara. Paka akapewa. Na matokeo yake yakaonyesha wastani wa 3.5! Mimi nilimaliza na 4.1 kwa kukesha na mshumaa, mwenzangu kalala jikoni.

Ukishacheka, kumbuka biashara hii si ya mtu mmoja na printa. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Pakistani inayoitwa Axact iliyokuwa nyuma ya tovuti zisizopungua 370, nyingi za vyuo na shule ambavyo havipo, pamoja na za mashirika feki ya kuvipa ithibati hivyo vyuo hewa. "Maprofesa" kwenye picha walikuwa waigizaji wa kulipwa.

Na hapa kwetu msijidanganye kwamba cheti kikishaingia kwenye faili basi kimelala. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wale hawakuwa wa PhD, ni vyeti vya sekondari na ualimu, vingine vya miaka na miaka. Watu walikuwa na watoto shuleni, wana mikopo benki, kazi ikaisha hivyo hivyo.

CHUO KIZURI, KOZI JE?

Nikadhani nikishawakwepa matapeli nimemaliza. Wapi! Hili la pili ndilo linalowapata watu makini, wanaosoma kwenye vyuo vya kweli, vyenye majengo na maktaba na walinzi wakali getini.

Ithibati haitolewi kwa chuo peke yake, inatolewa pia kwa kozi, na ina muda wake. Zile kozi 75 za 2017 nilizozitaja zilikuwa ndani ya vyuo halali kabisa. Na mwaka 2023 kulizuka kizaazaa Uganda baada ya orodha ya NCHE kuonyesha kozi kibao muda wake wa ithibati umepita, zikiwemo za Makerere, chuo ambacho babu zetu walikiota. Wahitimu wakachachamaa. NCHE ikabidi itoke ieleze kwamba kozi iliyofikia muda wa kukaguliwa upya si kozi feki. Sawa, lakini mtu wa ofisi ya ajira Dubai hana habari na maelezo hayo, yeye kaona neno "imeisha muda" kwenye kompyuta.

Kwa hiyo swali si "hiki chuo kina ithibati?" Swali ni "hii PhD, ya fani hii, kwenye tawi hili, kwa mtindo huu wa kusoma, ina ithibati mpaka lini?" Ndefu kama risala, lakini ulizeni hivyo hivyo. TCU orodha ya vyuo na kozi zake iko kwenye tovuti, haina kiingilio. Na kama unasoma nje, cheti chako kikirudi kinapita tena TCU kutambuliwa, ndipo mwajiri mwenye akili akiamini. Wahi kuwauliza kabla ya kulipa ada, maana baada ya kulipa utakuwa unauliza kwa kulia.

Halafu kuna jambo ambalo hata ithibati haiwezi kukulinda nalo: chuo halali kinachokimbiza. Juni 2019 chuo cha JKUAT cha Kenya kilitunuku PhD 118 kwenye mahafali moja. Wakenya wakashika vichwa, CUE ikaingia kuchunguza zimesimamiwaje. Fikiria wewe umo humo, umesota miaka sita kihalali, umeuza na ng'ombe, halafu mtaani unaulizwa kwa kicheko, "Kumbe na wewe ni wa wale 118?"

SASA NISOME AU NISISOME?

Hapa shangazi yangu wa Morogoro kanipigia simu mara tatu. Hoja yake mnaijua. "Mwanangu, una miaka 31. Ukishaitwa Dokta nani atakuoa? Wanaume wanaogopa." Nikamwambia, "Shangazi, anayeogopa karatasi ataweza kweli kuua nyoka ndani?" Akacheka mpaka simu ikakatika, lakini alipopiga tena alirudia yale yale.

Mimi hoja ya mume hainisumbui. Inayonisumbua ni hesabu. PhD kwa kawaida ni miaka mitatu kwenye makaratasi, na minne, mitano au zaidi kwenye maisha, hasa ukiwa unafanya kazi. Mwaka wa kwanza unaandika pendekezo la utafiti na kulitetea, unakwenda kukusanya takwimu, msimamizi anasafiri, anaugua, anastaafu. Vyuo vingi vinataka uwe na makala zilizochapishwa kwenye majarida kabla hujavaa joho. Ada ndiyo rahisi kuliko vyote hivyo.

Na si kila mtu inamfaa, tuambiane ukweli. Nina shoga yangu yuko benki, anataka PhD kwa sababu mwenzake wa dawati la pili ameanza. Nikamuuliza, bosi wako ana nini? Uzamili. Na bosi wa bosi? CPA. Sasa PhD itamfungulia mlango gani pale ambao CPA haifungui kwa hela ndogo na muda mfupi? Alininunia siku mbili. Kwa mtu wa benki, wa biashara, wa miradi, PhD mara nyingi ni tai ya shingoni. Kwa mwalimu wa chuo kikuu au mtafiti ni jembe, bila hiyo hulimi. Na kama shida ni heshima, Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada ya M.A., akapewa udaktari wa heshima na vyuo chungu nzima baadaye, na watu mpaka leo wanamwita Mwalimu.

Basi nikamwendea profesa mmoja, mama wa makamo, aliyenifundisha zamani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kitu kimoja tu. "Tuseme unapata mkataba mpya bila PhD. Kuna jambo ambalo bado ungetaka kulichunguza?"

Nilikaa kimya. Halafu nikajikuta namweleza habari za mama lishe wa karibu na chuo, anayeniuzia wali maharage. Alikopa laki mbili kwa wale wa kausha damu, akawa analipa kila siku jioni, na alipozidiwa wakaja wakachukua jiko, masufuria na kochi. Wiki iliyofuata akakopa kwa kampuni nyingine kununua masufuria mengine. Nimefundisha masomo ya fedha miaka mitano na sina maelezo ya kwa nini mwanamke mwenye hesabu kali kichwani kama yule anarudi kule kule. Profesa akaniambia, "Hilo liandike kurasa nne, uniletee."

Kuhusu hela, kuna njia ambazo tunazipita tu kwa sababu hazitangazwi na kijana mwenye sauti nzuri. Sweden na Norway mwanafunzi wa PhD mara nyingi ni mwajiriwa, analipwa mshahara. Ujerumani vyuo vingi vya umma havidai ada ya masomo kwa PhD. Marekani nafasi nyingi za PhD kwenye vyuo vikubwa zinakuja na kazi ya kufundisha au utafiti inayolipia, ila jiandae miaka mitano sita. Kuna na ule mtindo wa sandwichi, unasajiliwa hapa, unakwenda nje miezi kadhaa maabara na maktaba, unarudi. Si mtindo wa jana: Wangari Maathai alifanya utafiti Ujerumani, PhD yake akaitwaa Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Hakuna aliyemuuliza ithibati ya kimataifa.

Tena ona kichekesho: zile za kweli nyingine zinakulipa, feki ndiyo inayotaka hela yote mbele.

Mimi kwenda nje siwezi kwa sasa, mama ana presha na mdogo wangu yuko kidato cha tano. Nimeamua kuomba chuo cha umma hapa hapa Dar, kwa muda wa ziada huku nafanya kazi, ada kwa awamu. Kozi nimeiangalia kwenye orodha ya TCU, nikahakikisha na kwa simu. Nimempata na msimamizi kabla ya kujaza fomu, na hilo wenye uzoefu wanasema ndilo zito kuliko hata jina la chuo. Nilimuuliza anasimamia wanafunzi wangapi na wangapi wamemaliza. Alishangaa kidogo, akanijibu.

Bei yake sasa, mnisikilize. Majibu ya udahili hayatatoka kabla ya Septemba 30. Nilimweleza mkuu wa idara wazi wazi kwamba nitakuwa na barua ya maombi, sitakuwa na barua ya kukubaliwa. Akasema, "Mwenzako wa idara ya pili keshaleta ya kukubaliwa." Naifahamu barua hiyo, ina jengo lenye majani ukutani. Inawezekana kabisa yeye akaongezewa mkataba na mimi nikarudi kutegemea safu hii na vitenge vyake.

Mama nilimwambia Jumapili. Tumelipia nusu ya kiwanja, mwenye nacho amekubali iliyobaki tumpe baada ya mwaka, na milioni nne nimezitenga za ada ya kuanzia. Hakusema mengi, aliuliza tu hiyo shule ni ya miaka mingapi. Nikasema minne, labda mitano. Akahesabu kwa vidole umri wake.

Kurasa nne nilizipeleka kwa profesa Jumanne. Zimerudi zina kalamu nyekundu toka mwanzo mpaka mwisho, na pembeni ya aya ya kwanza kaandika: "Umemuuliza mama lishe mwenyewe?" Kesho saa sita nakwenda kula wali pale, na daftari nimeshanunua.